Naomba ushauri: linki nzuri zinaishia kwenye 404 (ukurasa haupatikani)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kuhusu tovuti ya nyumba ya wageni ya Jambiani, Zanzibar. Ukurasa uliokuwa unavuta linki za tovuti nyingine bila kuombwa ni mmoja tu: jedwali la maji kujaa na kupwa, lenye siku za bamvu (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Walimu wa kuteleza baharini kwa tiara (kitesurfing) walikuwa wanauwekea linki wenyewe, maana maji yakipwa pale mwanafunzi anabaki anatembea kwenye mwani.

Tovuti ilipojengwa upya anwani ilibadilika, na jedwali likagawanywa kurasa 12, moja kila mwezi. Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, inaonyesha tovuti 14 bado zinaelekeza kwenye anwani ya zamani.

Nimejaribu 301 (kuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya kwa kudumu) kwenda ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Google ikaihesabu kama 404 tu, kwa kuwa pale hakuna jedwali. Nimewaandikia wenye tovuti zote 14, watatu wamerekebisha. Kuna anayeniuzia linki 200 kwa bei ya soda. Hizo sitaki, tangu Penguin ya 2012, sasisho la Google dhidi ya linki za hila, tunajua zinakoishia.

Maswali mawili:

Nirudishe jedwali zima kwenye anwani ileile ya zamani, au nitengeneze ukurasa mmoja wa mwaka kisha 301 iende huko?

Pili, chuo kimoja cha tiara kinataka tubadilishane linki. Wateja wetu ni walewale. Hiyo moja ina ubaya, au niweke nofollow (alama ya kuiambia Google isiihesabu linki) upande wangu?