Maryam wamejaa mtaa mzima. Bado nimpe binti yangu?

Ushanga wa Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Nina mimba ya miezi minane, na kipimo kimeonyesha msichana. Tangu niko chuoni nasoma juzuu nilishajiamulia: nikijaaliwa binti, ni Maryam. Ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani, na sura ya 19 ni yake. Nikidhani hamu hiyo ninayo peke yangu. Kumbe!

Sasa hivi ukikaa barazani jioni ukaita "Maryam!", wanageuka watoto watatu na mwanamke mzima na ndoo yake. Wifi yangu kampa wa kwake. Jirani wa ukuta mmoja naye. Juzi kwenye akika huko Mkomani jina lilipotajwa, nilikasirika kama niliyeibiwa leso kambani. Jina halina mwenyewe, najua, ila moyo haukubali.

Na mimi ni Fatma, mnajua tulivyo wengi. Shuleni nilikuwa Fatma Jahazi kwa kuwa baba ni nahodha, mwenzangu Fatma Meno, mwingine Fatma wa Pili. Huyo wa Pili ana watoto wanne leo na bado ni wa Pili. Sitaki wangu aje kuwa Maryam Pua. Mume asema niamue mimi. Mavyaa ataka jina la mamake, Mwanakombo. Nifanyeje?

Mwalimu Shela
Nafundisha chekechea, mwaka huu nina Maryam wanne. Chupa za maji zote za waridi. Kuna mama alifika nyumbani na mkoba usio wake, akagundua alipokuta andazi lililoumwa nusu. Watoto wenyewe hawana habari, hukaa mkeka mmoja wakijiita "sisi kina Maryam". Wanaoumia ni nyinyi mama zao.

Babu Matondoni
Mwanangu, majina ya Mwana mmeyakimbia. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi, 1858, binti huyo alikuwa Mwana Hashima. Nitafutie Mwana Hashima wa chekechea leo hapo Langoni. Mavyaa wako hajakosea hata kidogo.

Wa Malindi
Shikamoo babu. Basi mimi hapa ni Mwanahashima. Karani mmoja alilikata jina langu vipande viwili: "Mwana" akanipa mimi, "Hashima" akamfanya baba yangu. Kila fomu ni vita. Nilipokwenda bweni huko bara wakaniita Mwana tu, miaka yote. Jina langu nalipenda, lakini dada, usidhani jina adimu halina taabu zake. Mpe Maryam, ubini utamtofautisha.

Babu Matondoni
Marahaba. Kosa ni la karani hilo, si la jina.

Ushanga wa Langoni
Babu, umenibana. Nimemsomea mavyaa maneno yako, kacheka mpaka tambuu ikamtoka. Nikamwambia basi, chetini Maryam, nyumbani Mwanakombo. Akasema la, kinyume chake, cheti ndicho kinachobaki. Tumekwama hapo tangu Ijumaa, na mume kahamia barazani kwa wenzake.
Mwalimu, hao wanne mnawaitaje?

Mwalimu Shela
Maryam A, Maryam S, Maryam Miwani na Maryam Mshari. Wa nne usiniulize ni wa nani, mamake yumo humu.