Mjadala: Kama nusukaputi huizima fahamu, roho huwa wapi?

Naanza na lililonipata mwenyewe, maana ndilo lililonirudisha kwenye swali hili. Nilikuwa mezani nikisubiri kupasuliwa. Mtaalamu wa usingizi akaniambia nihesabu polepole. Nakumbuka nne. Baada ya nne nikasikia naitwa jina, nikafumbua macho, nikaambiwa saa tatu zimepita. Sisemi nilizihisi kama dakika chache, sikuzihisi kabisa. Aliyelala usingizi wa kawaida huamka akijua amelala, hata kama hakuota. Mimi nilikuwa na nne, kisha sauti ya muuguzi, na katikati hapana kitu. Tangu siku hiyo najiuliza kama katika saa zile nilikuwepo popote.

Basi wenzangu, tujadili. Je, fahamu ya binadamu ni jambo la dunia hii tu, zao la ubongo kama jasho lilivyo zao la ngozi, au ina upande unaoivuka dunia? Nasema msimamo wangu mapema ili mnipinge mkijua mnapinga nini: fahamu haiwi bila mwili, lakini ukishaueleza mwili wote bado hujaieleza fahamu. Wapo watakaoona nimekaa katikati kwa kuogopa kuchagua. Sivyo, na nitajitahidi kuonyesha kwa nini.

Nianze na ndugu wanaoamini kwamba roho ni kitu kamili kinachojitegemea, na mwili ni nyumba tu. Tarehe 16 Oktoba 1846, hospitalini Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, dawa ya nusukaputi, mbele ya madaktari, na uvimbe wa shingoni ukatolewa bila ukelele. Tangu hapo kila chumba cha upasuaji kimekuwa hoja dhidi yenu. Kama roho ni mpanda farasi na mwili ni farasi, kwa nini farasi akilewa mpandaji naye anazimika? Nimewahi kujibiwa kwamba ubongo ni kama redio: ikiharibika, sauti hukatika lakini mtangazaji yupo studioni akiendelea kusema. Haya, lakini mtangazaji yule anajua kwamba anasema. Mimi sikujua lolote. Na mkiniambia kwamba roho yangu ilishuhudia yote ila kumbukumbu haikuandikwa, nitawauliza ushuhuda ambao sitaupata kamwe ni wangu kwa maana gani.

Swali hili si la leo. Mwaka 1643 Elisabeth, binti wa kifalme wa Bohemia, alimwandikia mwanafalsafa Descartes, aliyefundisha kwamba roho na mwili ni vitu viwili tofauti, akitaka kujua kitu kisicho na umbo, kisichogusa wala kugusika, kinawezaje kuusukuma mwili. Alisema wazi kwamba kwake ilikuwa rahisi zaidi kukubali kuwa roho ina umbile la mata, yaani la vitu vinavyogusika, kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na umbile kinausogeza mkono. Descartes alijibu zaidi ya mara moja, na mwishowe akamwambia kwamba muungano wa roho na mwili mtu huujua vizuri zaidi katika maisha ya kila siku na mazungumzo ya kawaida kuliko katika kutafakari. Wengine hulicheka jibu hilo. Mimi naliheshimu, ila naona kwamba aliyeshinda hapo ni Elisabeth.

Hoja nzito kuliko zote za wanaoamini roho inayojitegemea, kwa maoni yangu, ni ya mwanafalsafa na tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Anatuambia tumfikirie mtu aliyeumbwa ghafla akiwa kamili, macho yamefunikwa, anaelea mahali patupu, viungo vyake vimetanuliwa visigusane, hata upepo haumpigi. Mtu huyo hajui kama ana mkono wala moyo. Hata hivyo hatakosa kujua kwamba yeye yupo. Nimeijaribu hoja hii mara nyingi nikiwa nimelala gizani, na kila mara hunishika. Ibn Sina alikata shauri kwamba nafsi si mwili. Hapo ndipo ninaposita, maana kutoutambua mwili si sawa na kutokuwa nao. Anayeelea angevutishwa etha, hata lile “mimi nipo” lingenyamaza.

Lakini “mimi nipo” ni nini hasa? Hapa mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant amenisaidia kuliko wote. Katika kitabu chake cha 1781 alitenga mambo mawili ambayo sisi hukoroga pamoja tunapotamka “kuivuka dunia”. Kuna kile kilicho ng'ambo ya yote tunayoweza kuyapitia, na kuna kile kinachowezesha tupitie chochote. Hili la pili halikai ng'ambo. Lipo hapahapa, ila halipatikani kama kitu miongoni mwa vitu. Chukua sentensi unayoisoma sasa. Neno lake la kwanza limeshapita na la mwisho hujalifikia, lakini unaishika kama sentensi moja. Huo umoja si neno la ziada lililofichwa kati ya mengine. Bila umoja huo, maneno yangekupita moja moja na kusingekuwa na maana. Kant akasema lile “nafikiri” lazima liweze kuandamana na kila ninachokitambua, na papo hapo akatukataza kuligeuza kuwa kitu cha milele kiitwacho roho. Katazo hilo ndilo tunalolisahau tukianza kubishana.

Sasa nigeukie upande wa pili, ndugu wanaosema ubongo ndio kila kitu. Mwaka 1998 Christof Koch, mtafiti wa ubongo, aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 alama ya fahamu katika seli za ubongo ingekuwa imejulikana wazi. Mwaka 2023 Koch alikubali kushindwa akamkabidhi mwenzake mvinyo. Sitaki kulitumia tukio hilo kama ushindi, kwa sababu hata Koch angeshinda tungepata orodha ya seli zinazosisimka mtu aonapo wekundu, na orodha hiyo si wekundu. Mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza mwaka 1974 inakuwaje kuwa popo, kwamba hata tukijua yote kuhusu mwili wa popo bado hatujui yeye mwenyewe anahisije, na wengi wanaikumbuka hoja hiyo, kwa hiyo siirefushi. Naongeza moja tu. Kila kipimo cha fahamu, kwa mara ya kwanza, kilisawazishwa na mtu aliyeulizwa: unaona nini, unahisi nini? Mashine ilijifunza kwa neno la yule anayehisi. Mkimwondoa huyo, hamna wa kusahihisha kipimo.

Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walitoa habari ya mwanamke aliyeumia ajalini, ambaye kwa vipimo vyote vya kitandani hakuwa na fahamu. Walimwomba afikirie anacheza tenisi, kisha afikirie anapita katika vyumba vya nyumbani kwake. Picha za ubongo wake zilionyesha sehemu zilezile zinazosisimka kwa watu wazima wa afya. Habari hii hunigusa sana. Walimfikia kupitia damu na seli, na hapo wanaodai roho haihitaji mwili wajibu. Lakini mtu hasemi “fikiria” kwa seli. Waliongea na mtu, na mtu akaitika.

Na zile saa tatu zangu? Jibu lililo karibu na moyo wangu nimelipata kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Yeye alisema kwamba jicho lingekuwa mnyama, kuona kungekuwa ndiyo roho yake. Akasema pia kuwa na elimu ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine, kama vile kulala na kuwa macho. Basi nilikuwepo pale mezani kama elimu ilivyo ndani ya mwalimu aliyelala.

Jibu hilo lina gharama, na ndiyo sababu nimeufungua mjadala. Mwalimu huyo asipoamka tena, elimu yake haiendi popote. Nimezika watu niliowapenda, na nikilifuata wazo langu hadi mwisho, kuona kwao kulikoma pamoja na jicho. Aristotle mwenyewe aliacha mlango wazi kidogo kwa akili inayotenda, yaani ile sehemu ya akili inayotuwezesha kufikiri, akasema hiyo pekee haifi, kwa maneno machache ambayo wafasiri wamegombania karne nyingi. Aliye na hoja ya kuupanua mlango huo bila kumrudisha mpanda farasi, namwomba ailete hapa, nami nitaisoma kwa moyo wote.