Trela la boti: gurudumu moja la breki linachemka

Swali: Wakuu, trela ni la zamani, breki za haidroliki (za oili), aina ya dramu. Silinda za magurudumu ni mpya, ila gurudumu la kushoto linabaki limeshika. Nianzie wapi?

Jibu 1: Likiwa limeshika, inua trela, legeza nipo, yaani skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye breki. Likiachia papo hapo, presha imenaswa nyuma: shuku hozi ya mpira, bomba linalopeleka oili kwenye breki. Ikizeeka huvimba ndani, oili inapita kwenda lakini hairudi. Nje utaiona nzima kabisa! Lisipoachia, angalia springi za viatu vya breki na kutu.

Jibu 2: Magurudumu yote mawili yakishika, ni masta silinda (silinda kuu inayosukuma oili), kijitundu cha kurudishia oili huziba. Jaza oili ya breki ya DOT 3 mpya tu. Oili ya injini huvimbisha raba zote. Toa hewa ukianzia gurudumu la mbali.