Mdogo wangu ni askari: sheria za kimataifa zinambana yeye au nchi tu?

DadaMkubwa: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kamaliza mafunzo ya jeshi mwezi uliopita. Juzi tukiwa mezani nikamuuliza: ukiamriwa kuwapiga risasi watu wasio na silaha utafanyaje? Akajibu bila kuinua macho kwenye sahani: "Amri ni amri, dada. Mikataba ya kimataifa imesainiwa na nchi, mimi sikusaini. Kesi ikija itakuwa ya nchi." Nimemlea mwenyewe tangu akiwa na miaka tisa, na tangu siku ile silali vizuri. Wanaojua sheria, kuna ukweli hapo?

Mzee wa Ibara: Upo, ila wa nusu. Mikataba hufungwa baina ya nchi na nchi, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague husikiliza kesi za nchi dhidi ya nchi tu. Mkataba wa mipaka au wa biashara humfikia raia kupitia sheria za nchi yake.

Binti Wakili: Dada, kwenye jinai hoja ya mdogo wako ilishakataliwa. Mwaka 1946 majaji wa Nuremberg, waliowahukumu viongozi wa Wanazi wa Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walisema makosa haya hutendwa na watu, si na kitu kisichoshikika kiitwacho dola. Ile mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, kwa mauaji ya kimbari mwaka 1998. Mwaka 2003 ikamtia hatiani hata mhariri wa gazeti.

Kuhusu amri, msomee ibara ya 33 ya Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, isipokuwa awe alilazimika kisheria kuitii, hakujua kuwa ni haramu, na uharamu wenyewe haukuwa dhahiri. Yote matatu kwa pamoja. Na amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu huhesabiwa kuwa haramu dhahiri, basi.

Koplo Mstaafu: Nimevaa magwanda miaka mingi, kwa hiyo swali lako limenigusa. Mwambie habari za Dražen Erdemović. Alikuwa askari wa kawaida, umri miaka 23. Julai 1995, wakati wa vita vya Bosnia, baada ya mji wa Srebrenica kutekwa na jeshi la Waserbia wa Bosnia, kikosi chake, cha jeshi hilohilo, kilipelekwa shamba la Branjevo. Mabasi yakawa yanashusha wanaume, wanapangwa mstari, wanapigwa risasi. Alikataa. Akaambiwa kama anawahurumia akasimame nao. Akapiga.

Baadaye alikiri mwenyewe. Mwaka 1996 mahakama ya kimataifa ya iliyokuwa Yugoslavia ikampa miaka 10 jela. Kwenye rufaa, majaji watatu kwa wawili waliamua kwamba kutishiwa kifo hakumfutii kabisa hatia askari aliyeua wasio na hatia, ila kunaweza kumpunguzia adhabu. Mwaka 1998 ikashuka hadi miaka 5. Jina kwenye hukumu ni lake, si la nchi.

Mdogo wako aombe somo la Mikataba ya Geneva ya 1949, inayowalinda watu wasiopigana vitani. Mikataba hiyo inazitaka nchi ziwafundishe askari wao, kwa hiyo haombi hisani.

Binti Wakili: Nyongeza kwa Koplo: ibara ya 31 ya Mkataba wa Roma, iliyokuja baada ya kesi ile, inaruhusu utetezi wa kulazimishwa, kwa masharti magumu. Moja ni kwamba mtu asikusudie kuleta madhara makubwa kuliko yale anayoyakwepa.

DadaMkubwa: Asanteni sana. Nimempigia na kumsomea yote. Kakaa kimya, kisha akauliza: wale majaji wawili wa upande wa pili walisema nini? Koplo, naomba jibu, atanipigia tena Jumapili.

Koplo Mstaafu: Mmoja wao, Antonio Cassese, aliona kwamba kama wale wanaume wangeuawa vilevile hata askari angekufa nao, sheria isimdai kijana ajitoe mhanga. Mimi nakubaliana naye. Lakini mkumbushe mdogo wako kuwa Erdemović alianza kwa kukataa, ndiyo maana majaji walikuwa na cha kubishania.