Tupeane uzoefu: kasa akinasa wavuni au akipanda kutaga, wewe ulifanyaje?

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu na Lamu, tunazungumzia ulinzi wa kasa kana kwamba ni kazi ya askari wa wanyamapori peke yao, ilhali anayekutana naye kwanza ni mvuvi au mpita ufukweni usiku. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumuua na kumuuza, na hilo silifungulii mjadala. Ninachoomba ni yaliyowafika wenyewe, pamoja na gharama yake.

Nianze mimi, mvuvi wa Mayungu. Wavu wa jarife ukitegwa magharibi na kuvutwa alfajiri, kasa aliyenasa mapema huwa amekwisha kufa maji, kwa kuwa hupumua kwa mapafu kama sisi. Mwaka jana tulimtoa mmoja amelegea, shingo imelala, na wenzangu wakataka tumtupe. Watu wa mradi wa kulinda kasa wa Watamu, ambao tangu 1998 huitikia simu za wavuvi na kuwapa fidia ndogo, walikuwa wametufundisha kwamba kasa wa namna hiyo alazwe kifudifudi, nyuma painuliwe ili maji yatoke mapafuni, na afunikwe kitambaa kibichi kivulini. Tulimweka juu ya rundo la kamba, na jua lilikuwa limeshapanda alipoinua kichwa akavuta pumzi kwa kishindo. Fidia haikutosha hata nyuzi za kuziba macho ya wavu niliyoyakata, kwa hiyo anayedhani tunawaokoa kwa ajili ya pesa hajawahi kushona jarife.

Mzee wa Faza: Nimekusoma, mwanangu. Sisi Wabajuni tulimvua kasa kwa chazo, yule samaki anayejigandisha kwenye miili ya wakubwa: alifungwa kamba mkiani, akaachiwa karibu na kasa, akamganda gambani, nasi tukavuta taratibu. Nyama yake ilikuwa karamu, na mafuta yalikuwa dawa ya kifua. Kwa sababu hiyo hifadhi ya bahari ya Kiunga ilipotangazwa mwaka 1979, wengi waliona wamenyang'anywa tonge mdomoni. Mimi nilianza kuiamini kazi hii pale vijana wa doria waliponijia kuniuliza ni fukwe zipi kasa hupenda kupanda, na mwezi ukiwaje. Wazee waliomwinda ndio wajuao njia zake, na mpango wowote unaowaacha nje unajinyima macho.

Mama wa Watamu: Shikamoo mzee. Nami nina kisa cha kiota kilichotagwa chini ya mstari wa maji makuu, ambacho kingeoza. Wataalamu waliyahamisha mayai, zaidi ya mia, asubuhi ile ile bila kuyageuzageuza, kwa kuwa yakigeuzwa baada ya saa chache kijusi hufa. Baada ya takriban miezi miwili vitoto vilitoka usiku, lakini badala ya kushika njia ya bahari vilielekea kwenye taa za jumba moja la wageni, maana hufuata upande wenye mwanga zaidi. Tulivikusanya kwa ndoo. Mwenye jumba alikubali kuzima taa za upande wa pwani baada ya mabishano marefu, na bado mgeni mpya akija huwashwa. Kuna jambo jingine linalonitia hofu: mchanga ukizidi joto, wanaoanguliwa huwa majike zaidi, na kivuli cha miti ya ufukweni tunakikata wenyewe kila mwaka.

Kijana wa Shela: Nilimkuta kasa mwenye kipande cha chuma kwenye pezi la mbele. Je, nilipaswa kukitoa?

Mvuvi wa Mayungu: Usikitoe, ndugu yangu. Ni alama ya watafiti. Andika tarakimu zake, mahali ulipomwona na tarehe, umwachie aende, kisha uipeleke taarifa hiyo kwa watu wa hifadhi walio karibu nawe. Mzee wa Faza, kama unakumbuka ni mwezi upi kasa walikuwa wakipanda zaidi kwenu, tuandikie.