Waini ya Hispania ya 2011, bado inanyweka au nimwage?

Mtu wa Uyole:
Wakuu poleni na baridi. Kuna mzungu alikuwa kwenye mradi wa kahawa huko Mbozi, mkataba umeisha akaniachia chupa ya waini nyekundu, imeandikwa Rioja Gran Reserva 2011 na nyuma ina stika ya bluu yenye namba. Mimi waini ninayoijua ni ile tamu ya Dodoma. Sasa nimeimulika naona chini kuna machicha, jamaa mmoja wa duka hapa Mwanjelwa kaniambia imeshakufa hiyo nimwage tu. Jumamosi mashemeji wanakuja, niifungue au nitaaibika? Na friji naweka?

Mkangafu wa Ifunda:
Kwetu ulanzi, pombe ya mianzi, ukigema asubuhi ni mtogwa mtamu, kesho kutwa ni mkangafu mkali, baada ya hapo humpi mtu. Sembuse kitu cha 2011 😂 tia kwenye kachumbari hiyo.

Kaunta Mstaafu:
Usimwage aisee!! Nimekaa sana kaunta za hoteli Arusha kabla sijarudi Iringa, hizo nimezifungua. Rioja ni eneo la waini huko Hispania, na Gran Reserva ni daraja lao la waini iliyokaa muda mrefu zaidi, haiingii sokoni mpaka itimize miaka mitano, angalau miwili ndani ya pipa la mwaloni na miwili ndani ya chupa, yaani imetengenezwa ili ikae. Stika ya bluu ndio ya daraja hilo, la chini yake Reserva ni damu ya mzee, na chini zaidi Crianza nyekundu. Na mavuno ya 2011 wenyewe Rioja waliyapa alama ya juu kabisa.

Machicha ni rangi na ule ukakasi wa zabibu vimeshikana vikazama, havina madhara ila vinachafua ladha. Chupa isimamishe tangu Ijumaa, kizibo kivute taratibu maana cha zamani kinakatikia katikati, halafu mimina polepole kwenye jagi la kioo huku tochi ya simu inamulika shingo ya chupa, ukiona wingu linakuja acha hapo hapo. Usiimimine asubuhi unywe jioni, ya zamani harufu inakimbia. Friji hapana, inataka nyuzi 16 mpaka 18 na Uyole msimu huu sebule yako inatosha.

Ukiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe ukingoni utaona rangi ya tofali, sio zambarau. Nusa kwanza, usikimbilie kunywa: vanila na nazi kwa mbali, hiyo ni kazi ya mwaloni wa Kimarekani, halafu ngozi, tumbaku, matunda yaliyokauka. Sukari hamna, watakunja sura fundo la kwanza waache tu.

Mama Jibini:
Chinja kondoo. Hao wa Rioja wenyewe vijibavu vya mwanakondoo wanachomea vijiti vikavu vya mzabibu. Chumvi inatosha, pilipili kichaa weka mbali kabisa itaua kila kitu. Jibini gumu la Njombe likipatikana anza nalo.

Mtu wa Uyole:
Asanteni sana, kondoo naagiza leo. Sasa kuna shemeji mmoja waini yoyote lazima achanganye na kola, huyo namfanyaje?

Kaunta Mstaafu:
Hata Hispania wanachanganya, wanaita kalimotxo, ila wanatumia ya bei chee. Mnunulie ya kwake, na jagi likae upande wako wa meza.