Ankara ya maji ya uniti 38 na matunzo ya watoto yasiyofika: bibi yangu aanzie ofisi gani?

MjukuuWaMlimani
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba ushauri kwa niaba ya bibi yangu anayeishi mlimani, Kitangiri hapa Mwanza, na wajukuu wanne. Ankara yake ya mwezi uliopita imeonyesha uniti 38, ilhali hakuwahi kuvuka 9, na huo ulikuwa mwezi wa mgao ambao siku nyingi walinunua maji kwa vijana wa mikokoteni huku ziwa wakiliona kutoka barazani. Dirishani kwa mamlaka ya maji ameambiwa kwamba dira, yaani mita ya maji, haidanganyi na kwamba alipe kwanza, la sivyo atakatiwa. Jambo la pili ni kwamba baba wa watoto wawili kati ya hao yuko hai na ana kazi, lakini hatoi matunzo. Bibi amelalamika ustawi wa jamii na kila mara huambiwa arudi wiki ijayo. Je, kuna mtu anayewajibika kumjibu, au ndiyo basi?

Fundi_Igogo
Kabla ya kugombana na mtu, piga hesabu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo uniti 38 ni ndoo 1,900 kwa mwezi, zaidi ya 60 kila siku, na nyumba ya watu watano yenye mgao haiwezi kuzitumia isipokuwa kuna mvujo. Usiku fungeni bomba zote, someni dira, kisha isomeni tena alfajiri kabla ya mtu kuchota. Ikiwa imesogea, kuna mvujo baada ya dira, na huo kwa kawaida ni mzigo wa mteja. Isiposogea, linganisheni tarakimu zilizo kwenye dira na zile zilizoandikwa kwenye ankara, kwa sababu yawezekana msomaji alikadiria bila kufika. Huku milimani kuna jambo jingine: maji yanaporudi baada ya mgao husukuma hewa iliyomo kwenye mabomba, na hewa hiyo nayo huzungusha dira.

Mama_Nyegezi
Mwanangu, aliyofanya bibi yako hadi sasa ni mazungumzo, na mazungumzo ya dirishani hayana namba ya jalada. Aiandikie mamlaka ya maji barua yenye namba ya akaunti, usomaji wa dira na picha yake, aombe dira ipimwe, kisha nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akikosa jibu, au jibu lisipomridhisha, apeleke nakala hizo EWURA, ambayo ndiyo inayodhibiti mamlaka za maji na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. EWURA haitaanza na mtu ambaye hajalalamika kwanza kwa mtoa huduma, na hapo ndipo wengi wanaporudishwa. Kwa kuwa bibi ni mtu mzima, lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA CCC, linaloweza kumsaidia kuandaa lalamiko lenyewe. Uamuzi wa EWURA nao hukatiwa rufaa Baraza la Ushindani, ingawa sidhani kama ankara moja itafika huko.

Mzee_wa_Pasiansi
Mimi ningelipa yote, kwa usalama wa watoto.

Mama_Nyegezi
Kwa heshima yako mzee, akilipa yote kimya kimya ataonekana ameikubali ankara. Alipe kiasi cha matumizi yake ya kawaida, atunze risiti, na aseme ndani ya barua kwamba kilichobaki ndicho anachokipinga.

Wakili_Mtaani
Niongezee kuhusu watoto, maana suala hilo lisimezwe na maji. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mlezi au ndugu kuomba amri ya matunzo mahakamani. Afisa ustawi wa jamii naye anaweza kuomba, lakini bibi halazimiki kumsubiri. Kitangiri ipo Ilemela, kwa hiyo barua ya kuulalamikia ustawi wa jamii aielekeze kwa Mkurugenzi wa Manispaa hiyo, si wa Jiji la Mwanza, akieleza tarehe alizofika na kuomba maelezo ya hatua zilizochukuliwa. Akitaka msukumo zaidi, ataje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu ombi la taarifa. Abebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto pamoja na barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kwamba anaishi nao.

MjukuuWaMlimani
Nawashukuru sana. Dira tumeipima usiku na haikusogea hata tarakimu moja, tena tarakimu zilizo kwenye ankara ziko juu ya zile zilizo kwenye dira leo. Swali langu la mwisho: cheti cha mtoto mmoja hakina jina la baba. Je, ombi lake litakubaliwa?

Wakili_Mtaani
Linaweza kupelekwa, ila mahakama itataka kwanza kuthibitishiwa kwamba huyo ndiye baba, kwa ushahidi wa watu na vielelezo au kwa vipimo vya vinasaba ikiona vinafaa. Muombe matunzo ya watoto wote wawili kwa pamoja, na suala la cheti mlieleze tangu mwanzo. Kuhusu ankara, pigeni picha ya dira leo hii, kabla msomaji hajarudi.